Wakimbia Nini?

Masika yalipoanza sikuweza kufika Ukunjwi
bila kushika kiuno.
Sasa ni mwezi wa sita, kipupwe,
na soksi bado hazijakauka.

Tangu mwezi wa tatu hazijakauka.
Alfajiri nazitoa kambani, nzito kama pweza,
nazivaa hivyo hivyo.
Viatu vimelala na magazeti tumboni:
mguu wa kulia umesoma bei ya karafuu,
wa kushoto, matangazo ya vifo.
Ni vya mtumba. Chini ya ulimi pana jina la mtu, limefutika nusu;
naye alikwenda navyo mahali, sijui wapi, akavichoka.

Shaame, mtoto wa dada, anifuata kwa baiskeli,
kurunzi kaifunga usukanini kwa mpira.
Hana breki. Kwenye mteremko ndiye anitanguliaye,
"Nipishe, Mamdogo!"
na mwanga wake waruka madimbwini
kisha wapotea, nami nakimbilia mlio wa mnyororo.

Bondeni wanapalilia mpunga, magunia migongoni.
Wananyanyuka:
"Wee Zuwena! Nani akukimbiza?"
"Hakuna!"
"Basi wamkimbilia nani?"
"Hakuna!"
"Kwani wakimbia nini?"
Kabla sijapata pumzi ya kuwajibu, nimeshapita,
ushungi umenigandamana mashavuni.

Lugha yetu hii haimpi mtu pa kujificha.
Ukikimbia, kuna ulichokikimbia.
Ongeza silabi moja, una pa kukimbilia.
Geuza mkia wa neno, una anayekukimbiza.
Mbio tupu, zisizo na mwizi wala moto,
kilomita arubaini na mbili na ushei
kwa ajili ya kipande cha bati chenye utepe,
hizo utazieleza vipi kwa mtu ameshika jembe?

Bi Mkasi, jirani, hakuuliza.
Aliegemea mlango wake, akanitupia:
"Mbio za sakafuni huishia ukingoni."
Nikamwambia, njia ya Gando nayo ina ukingo,
lami yaisha, mikoko yaanza,
na hapo ndipo ninapogeuka.
Akasonya. Akafunga.

Sijamwambia mtu.
Mwaka juzi, masika kama haya, usiku, simu imekwisha chaji,
nilikimbia kutoka Bopwe hadi hospitali
kwa ajili ya mama.
Nilifika.
Mlinzi akauliza, kuna nini?
Nikafungua mdomo, ikaingia hewa. Neno halikutoka.
Mkono kwenye nguzo, kichwa chini,
mlinzi asubiri, mvua yapiga bati.
Sijui zilikuwa dakika ngapi.
Daktari alisema zisingebadilisha kitu.
Daktari yule ni mtu mwema.

Jumapili iliyopita, Gando na kurudi, mara mbili,
kusi ubavuni, vidole havikunjiki kwa baridi,
nikafika darajani nikajaribu.
Nikasema kwa sauti, miguu haijasimama:
mama yangu, Bimize binti Hamad,
Bopwe, nyumba ya pili baada ya msikiti,
anatapika damu, njooni na gari.
Bila kukata.
Nikasema tena. Nikasema tena.
Shaame akaburura kisigino, baiskeli ikasimama.
"Mamdogo, wasema na nani?"
Nikamwambia aangalie saa.

Leo nimetoka, soksi hazipo kambani.
Nikashuku mbuzi.
Kumbe ziko jikoni kwa Bi Mkasi, juu ya kichanja, baina ya nazi,
zimekauka kaukau, zanuka moshi na dagaa.
"Zimebaki wiki nne," kasema, bila kunitazama, apuliza makaa.
"Na hao watu wa Unguja wana viatu vipya."

Zilikuwa ngumu kama mkate wa juzi.
Nikakaa kizingitini kwake, nikazivaa.